Kati ya Rovu na Kovu

Mtu akishaambiwa kwamba uvimbe ulioko shingoni mwake ni rovu na kwamba itabidi apasuliwe, swali moja humtoka kabla ya mengine: kovu litakuwa kubwa kiasi gani? Swali hilo lina haki yake, na wenye kuuza huduma za hospitali wamelisikia. Hospitali nyingi za India, ambako wagonjwa wa Tanzania na Kenya hupelekwa au hujipeleka wenyewe, hutangaza upasuaji wa tezi ya thairoidi kwa matundu madogo, kwa kamera, kwa roboti, kupitia kwapani au hata ndani ya mdomo, na picha zake huonyesha shingo laini isiyo na alama. Ukiyatazama matangazo hayo utadhani mjadala umekwisha: njia ya zamani ya kuipasua shingo kwa mbele imepitwa na wakati, na daktari anayeishikilia ni mvivu wa kujifunza. Mimi naona kinyume chake. Kwa wagonjwa walio wengi wa Afrika Mashariki, upasuaji wa wazi unaofanywa na mkono ulioizoea kazi hiyo ndio unaopaswa kubaki njia ya kwanza, na urefu wa kovu ni kipimo dhaifu mno cha kuchagulia hospitali au daktari. Vipimo vyenye maana ni viwili: daktari huyo hufanya upasuaji huo mara ngapi kwa mwaka, na wagonjwa wake huwaje baadaye.

Sababu inaonekana mara tu tukiangalia kinachofanyika chini ya ngozi. Mgonjwa hulazwa chali, mto mdogo chini ya mabega, kichwa kimelala nyuma ili shingo inyooke. Daktari huchana ngozi kwa kufuata mkunjo wa asili wa shingo, vidole viwili hivi juu ya kishimo kilichopo juu ya mfupa wa kidari. Mchano huo zamani ulifika sentimita 8 au 10. Siku hizi, tezi isipokuwa kubwa, mara nyingi ni 4 hadi 6. Misuli ya mbele kwa kawaida haikatwi, hutenganishwa katikati na kusogezwa pembeni, na hapo tezi huonekana imelalia bomba la hewa, imejaa damu kupita umbo lake. Mpaka hapo daktari hajafanya kitu kigumu. Kazi yenyewe ni ya nyuma ya tezi. Kila upande kuna neva nyembamba, nyeupe, inayopanda katika mfereji ulio kati ya bomba la hewa na umio kwenda kuziendesha nyuzi za sauti, na inapokaribia zoloto hupita sehemu ileile ambayo tezi imeng'ang'ania zaidi bomba la hewa. Ikijeruhiwa ya upande mmoja, sauti hukwaruza na mgonjwa hupaliwa anapokunywa maji. Zikijeruhiwa zote mbili, nyuzi za sauti hushindwa kufunguka, hewa hukosa njia, na huenda mtu akatobolewa koo ili apumue. Kando yake kuna vitezi vinne, kila kimoja kama punje ya mchele, rangi yake ikikaribiana na ya mafuta yaliyokizunguka, navyo ndivyo vinavyosimamia kalsiamu ya damu. Vikiondolewa bila kujua au vikikatiwa damu, siku ya kwanza au ya pili mgonjwa huanza kuhisi ganzi midomoni na vidoleni, kisha misuli hukakamaa. Hatari ya tatu ni kuvuja kwa damu: mshipa uliofungwa vibaya ukiachia usiku, damu hujaa shingoni na kulibana koo kwa muda mfupi, na nesi wa zamu hana nafasi ya kumsubiri daktari atoke nyumbani, nyuzi za mshono zinapaswa kufunguliwa palepale kitandani. Hakuna hata moja kati ya hatari hizo inayopimwa kwa rula juu ya ngozi.

Historia ya upasuaji huu inasema hivyo hivyo, tena kwa ukali zaidi. Katikati ya karne ya 19 kumwondolea mtu rovu kulikuwa karibu sawa na kumhukumu kifo. Mwaka 1850 chuo cha tiba cha Ufaransa kiliupiga marufuku upasuaji huo, na mwaka 1866 Samuel Gross, daktari mwenye jina kubwa Marekani, aliandika kwamba mwenye akili timamu hawezi kuuthubutu. Aliyeligeuza jambo hilo ni Theodor Kocher wa Bern, Uswisi, nchi ya milima ambako rovu lilikuwa limeenea kwa ukosefu wa madini joto. Katika miaka yake ya mwanzo, zaidi ya mgonjwa 1 kati ya 10 alikufa. Mwanzoni mwa karne ya 20 waliokufa mikononi mwake hawakufika 1 kati ya 100, na mwaka 1909 akapewa Tuzo ya Nobel, wa kwanza kuipata miongoni mwa madaktari wa upasuaji. Mchano wa shingoni unaotumika hadi leo unaitwa kwa jina lake, lakini siyo mchano uliowaokoa watu. Aliwaokoa kwa kufanya kazi polepole na kwa usafi, kwa kufunga mishipa ya damu kabla ya kuikata, kwa kuirudia kazi hiyohiyo maelfu ya mara, na kwa kuandika. Mwaka 1883 aliwaita tena wagonjwa aliowahi kuwaondolea tezi nzima, akakuta wengi wamezorota mwili na akili. Uvimbe ulikuwa umekwisha, kidonda kimefunga vizuri, na watu wenyewe wamedhoofika kwa kukosa homoni ambayo kazi yake ilikuwa bado haijafahamika. Tangu hapo akaacha kuondoa tezi nzima kwa rovu la kawaida. Angekuwa anatazama kovu tu, angeendelea.

Njia mpya nazo si moja. Mwishoni mwa miaka ya 1990 Paolo Miccoli na wenzake wa Pisa, Italia, walianza kuondoa tezi kupitia mchano wa sentimita 1.5 hadi 2 hapohapo shingoni, wakisaidiwa na kamera nyembamba. Hiyo ni njia ndogo kweli, na masharti yake ni makali: uvimbe usizidi sentimita 3 hivi, na tezi nzima iwe ndogo, mililita 25 hivi au pungufu. Njia zilizotoka Asia zilikuwa na shabaha nyingine, yaani kuiacha shingo bila alama yoyote. Japani walionyesha jinsi ya kupita kwapani na kifuani; Seoul, mwaka 2007, Woong Youn Chung wa Chuo Kikuu cha Yonsei alianza kupita kwapani kwa mikono ya roboti; na mwaka 2016 Angkoon Anuwong wa Bangkok alichapisha taarifa ya wagonjwa wake 60 wa kwanza aliowapasua kupitia matundu matatu nyuma ya mdomo wa chini. Hizi za Asia hazipunguzi jeraha, zinalihamisha. Kutoka kwapani hadi shingoni daktari hulazimika kubandua ngozi juu ya msuli wa kifua, eneo pana kuliko linalobanduliwa katika upasuaji wa wazi. Mtu mzima akitaka kubadilishana hivyo, alama ya shingoni kwa safari ndefu ya chini ya ngozi, ni haki yake. Kisichokubalika ni kuuziwa safari hiyo kwa jina la jeraha dogo.

Ulinganisho uliofanywa kati ya njia hizi na ile ya wazi hauna maajabu. Kwa mchano mdogo wa Pisa, maumivu ya siku za mwanzo hupungua na wagonjwa hulifurahia zaidi kovu lao. Upasuaji wenyewe huchukua muda mrefu zaidi, hasa ukianzia mbali na shingo. Kuhusu sauti na kalsiamu, matokeo ya wazoefu kwa wagonjwa waliochaguliwa hukaribiana na ya upasuaji wa wazi. Maneno "wagonjwa waliochaguliwa" ndiyo ya kusoma mara mbili: tezi ndogo, shingo ambayo haijawahi kupasuliwa wala kupigwa mionzi, uvimbe ambao haujateremka kifuani. Ukilinganisha kundi la namna hiyo na kila anayeingia mlango wa hospitali ya rufaa, umelinganisha vitu viwili tofauti. Kisha kuna madhara ambayo njia ya wazi haikuwa nayo kabisa. Kupita kwapani kumewahi kuziumiza neva za mkono kwa jinsi mkono unavyowekwa. Kupita mdomoni kunaweza kuacha ganzi ya kidevu na mdomo wa chini, na kidonda ambacho kingekuwa safi kabisa sasa kinapitia mahali penye bakteria. Gesi ya kaboni dayoksaidi inayopulizwa kutanua nafasi inaweza, kwa nadra, kuingia kwenye mshipa wa damu. Na uvimbe mkubwa hautoki kwenye tundu dogo mpaka uvunjwevunjwe. Ukiwa na saratani, mtaalamu wa maabara hupelekewa vipande ambavyo hawezi tena kusoma kingo zake. Ndiyo maana Chama cha Thairoidi cha Marekani, katika tamko lake la mwaka 2016 kuhusu njia hizi za mbali, kilizikubali kwa wagonjwa waliochaguliwa na mikononi mwa madaktari wenye wagonjwa wengi. Miaka mitano kabla ya tamko hilo, kampuni iliyotengeneza roboti yenyewe ilikuwa imeacha kuunga mkono matumizi yake kwa tezi nchini Marekani.

Ushahidi mzito kuliko wote katika suala hili hauhusu kifaa, unahusu mikono. Mwaka 1998 Julie Ann Sosa na wenzake walichapisha uchunguzi wa wagonjwa zaidi ya 5,000 waliopasuliwa tezi katika jimbo la Maryland, Marekani, wakakuta kwamba madaktari waliokuwa wamefanya upasuaji huo zaidi ya mara 100 katika miaka iliyochunguzwa ndio waliokuwa na madhara machache kuliko wengine wote. Mwaka 2017 uchunguzi mwingine wa Marekani, wa watu karibu 17,000 walioondolewa tezi nzima, ulifika mahali pa kuchora mstari: madhara yalikuwa yakipungua kadiri daktari alivyofanya kazi nyingi, hadi anapovuka wagonjwa 25 kwa mwaka. Katika hesabu hiyohiyo, nusu ya madaktari walikuwa wamempasua mgonjwa mmoja tu kwa mwaka, na hiyo ni Marekani. Sasa tuchukue daktari wa hospitali ya mkoa anayepata wagonjwa 15 wa tezi kwa mwaka. Akianza njia ya mdomoni na kuwapa wagonjwa 5, hajawa mtaalamu wa njia mbili. Mazoezi yake ya njia anayoijua yameshuka hadi 10, na ile mpya anajifunza kwa mwendo wa wagonjwa 5 kwa mwaka, ilhali wenyewe walioizoea wanazungumzia makumi ya wagonjwa kabla mkono haujatulia. Hiyo ni miaka mingi ya kujifunza, na ada ya shule inalipwa na shingo za watu.

Anayedhani ninaongeza chumvi atazame mifano miwili kutoka sehemu nyingine za mwili. Upasuaji wa kibofu cha nyongo kwa matundu madogo ulipoenea kwa kasi mwanzoni mwa miaka ya 1990, majeraha ya mrija wa nyongo yaliongezeka kwanza. Leo ndiyo njia ya kawaida na inastahili kuwa hivyo, kwa kuwa tumbo lililopasuliwa kwa upana lilikuwa na gharama yake: maumivu makali, ngiri za mshono, siku nyingi kitandani. Shingo haiko hivyo. Aliyepasuliwa tezi kwa njia ya wazi kwa kawaida hula siku hiyohiyo au kesho yake na kurudi nyumbani baada ya siku chache, kwa hiyo faida ya kugombania ni ndogo tangu mwanzo. Mfano wa pili ni wa saratani ya mlango wa kizazi. Kwa miaka mingi iliaminika kwamba kuondoa kizazi kwa matundu madogo au kwa roboti hakuna tofauti na kupasua tumbo, ila kidonda tu. Mwaka 2018 yakatoka matokeo ya utafiti uliowagawa wanawake kwa bahati nasibu: baada ya miaka mitatu waliokuwa hai ni asilimia 99.0 kwa njia ya wazi na 93.8 kwa matundu madogo. Sisemi kwamba tezi itafuata njia hiyo. Saratani nyingi za tezi ni za pole mno kulinganisha. Nasema tu kwamba kidonda kidogo hakimaanishi kwamba matokeo ya ndani yatakuwa mazuri, na wanawake wale hawakuwa na njia ya kuijua tofauti hiyo kwa kutazama matumbo yao.

Hayo yote ni hoja za mahali popote. Kwetu kuna zaidi. Rovu la Afrika Mashariki na Maziwa Makuu kwa sehemu kubwa ni mtoto wa ardhi: udongo wa nyanda za juu uliooshwa madini joto na mvua za karne nyingi. Nyanda za Juu Kusini mwa Tanzania zimejulikana kwa rovu kwa miaka mingi, na kisiwa cha Idjwi katika Ziwa Kivu, upande wa Congo, kimekuwa shamba la utafiti la dunia, kwani huko upungufu wa madini joto ulikutana na mihogo ambayo sumu yake, isipoondolewa vizuri, huizuia tezi kuyatumia hata hayo machache yaliyopo. Sheria za kutia madini joto kwenye chumvi, zilizoanza Kenya miaka ya 1970 na Tanzania miaka ya 1990, zimewaokoa watoto wengi kuliko kisu chochote kingeweza. Lakini rovu lililokwisha kukomaa na kuota mafundo ndani haliyeyuki kwa chumvi. Mwenye nalo huishi nalo, hulifunika kwa kitambaa, hujaribu dawa za mitishamba, na huja hospitali siku linapoanza kumbana pumzi akilala au chakula kinapokwama. Madaktari wa Bugando, Mwanza, walipochapisha mwaka 2011 taarifa ya wagonjwa wao wa rovu, picha ilikuwa hiyohiyo: walio wengi mno ni wanawake, na wamekuja baada ya kukaa na uvimbe kwa miaka. Tezi ya namna hiyo imelisukuma bomba la hewa upande, pengine imeteremka nyuma ya kidari, na neva imehama mahali pake pa kawaida. Masharti ya Pisa ya sentimita 3 hayamhusu mama mwenye tezi hiyo, na matundu ya mdomoni hayawezi kuutoa uvimbe wake. Anachohitaji ni daktari anayejua kuifuata neva iliyohama, daktari wa usingizi anayejua kupitisha mpira kwenye koo lililopinda, damu iliyo tayari, na wodi yenye nesi anayejua dalili za damu kuvujia shingoni.

Nani basi, katika miji yetu, anatosha kwenye masharti ya matundu madogo? Ni yule ambaye fundo lake ni dogo, mara nyingi limeonekana kwa bahati kwenye ultrasaundi iliyopigwa kwa sababu nyingine. Na hapo pana mtego. Mafundo madogo ya tezi ni ya kawaida sana kwa watu wazima, hasa wanawake, na mengi hayahitaji kuguswa. Korea Kusini wamelipa bei ya somo hili. Ultrasaundi ya shingo ilipokuwa sehemu ya vipimo vya kawaida vya afya, saratani za tezi zilizogunduliwa ziliongezeka hadi mwaka 2011 zilikuwa mara 15 ya zile za mwaka 1993, zaidi ya watu 40,000 katika mwaka mmoja. Vifo havikupungua wala kuongezeka. Walioandika habari hiyo mwaka 2014 walionyesha pia kwamba kati ya waliopasuliwa, asilimia 11 walipata upungufu wa homoni ya kalsiamu na asilimia 2 walipooza nyuzi za sauti, na habari ilipoenea, upasuaji ulishuka kwa zaidi ya theluthi katika muda wa mwaka mmoja hivi. Hayo yalitokea katika nchi hiyohiyo na miaka hiyohiyo roboti ya kwapani ilipokuwa ikistawi. Sidai kwamba roboti ndiyo iliyoleta wimbi hilo; ila kifaa ghali kinachofaa kwa mafundo madogo tu hutafuta mafundo madogo, na tamaa ya kulipa deni lake haikai mbali na uamuzi wa daktari. Hospitali ya Kuma, Kobe, Japani, ilikuwa imeshika njia tofauti tangu 1993: wenye saratani ya tezi isiyozidi sentimita 1, isiyo na dalili mbaya, walipewa nafasi ya kufuatiliwa kwa ultrasaundi badala ya kupasuliwa, na wengi hawakuhitaji kisu kwa miaka mingi iliyofuata.

Hata anayepasuliwa, la kumuuliza daktari si utachana kiasi gani bali utaondoa kiasi gani. Miongozo ya Marekani ya mwaka 2015 iliruhusu kuondoa upande mmoja tu wa tezi kwa saratani nyingi za hatari ndogo zisizozidi sentimita 4, ambazo kabla ya hapo wengi walikuwa wakiondolewa tezi nzima. Aliyebakiwa na upande mmoja mara nyingi hahitaji dawa, neva yake ya upande wa pili haijaguswa, na vitezi viwili vya kalsiamu viko salama. Aliyeondolewa yote anakunywa levothairoksini kila asubuhi hadi mwisho wa maisha yake, anahitaji kupimwa damu mara kwa mara, na akipata mimba dozi yake inapaswa kuongezwa. Kidonge chenyewe si ghali. Tatizo ni duka la dawa lililoko mbali, mvua zinazokata barabara, na maabara ya kipimo cha homoni iliyoko mji wa mkoa. Kwa mwanamke anayeishi mbali hivyo, sentimita 5 za kovu na nusu ya tezi iliyobaki ni bora kuliko shingo laini na utegemezi wa dawa. Uamuzi huo hauhitaji kamera. Unahitaji ultrasaundi nzuri, sindano ya kunyonya chembe za fundo, na mtu wa maabara anayeweza kuzisoma.

Nakuja kwenye pingamizi lenye uzito, kwamba mtu anayezungumza hivi anaidharau sura ya mwanamke. Kovu la shingoni liko mahali pa mbele kabisa pa mwili. Kila anayesalimiana nawe analiona, wengine watadhani ulikatwa kwa kisu, na kwa watu wenye ngozi nyeusi kuna jambo zito zaidi: keloidi, kovu linaloendelea kuvimba, kuwasha na kupita mipaka ya jeraha, huwapata Waafrika zaidi kuliko watu wengi wengine. Pingamizi hili nalikubali karibu lote. Halijibiwi kwa kumwambia mgonjwa ashukuru kuwa hai, jibu la kizembe ambalo baadhi ya madaktari hulitoa, wala kwa kumwambia avae kitambaa. Ila tulifuate hadi mwisho. Kifua na mabega ni miongoni mwa sehemu zinazoota keloidi kwa urahisi zaidi, kwa hiyo anayekimbia shingo na kupitia kifuani anaweza kupata kibaya zaidi. Njia ya mdomoni peke yake ndiyo isiyoacha kovu la ngozi kabisa, na kwa msichana ambaye keloidi zake zinajulikana, mwenye fundo dogo linalohitaji kweli kuondolewa, hoja ya njia hiyo ni nzuri, mradi mkono uwe umekomaa. Kwa wengine, kovu la wazi lina dawa zake: mchano uwekwe ndani ya mkunjo, uchorwe mgonjwa akiwa amekaa kwa sababu akilala mikunjo huhama, kingo za ngozi zisivutwe wala kuunguzwa, na mwenye historia ya keloidi aanze matibabu yake mapema badala ya kurudi baada ya mwaka. Mengi ya makovu yanayosikitisha yanatokana na mambo haya madogo kutofanywa, na kuyafanya hakuna gharama ya kutaja.

Wapo watakaosema pia kwamba tukisubiri kila kitu kikamilike tutaachwa nyuma, na kwamba kamera inakuza na kuonyesha neva vizuri kuliko jicho. Kuhusu kukuza, ni kweli, na miwani ya kukuzia inayovaliwa na daktari hufanya sehemu kubwa ya kazi hiyo kwa bei ndogo, huku kidole kikibaki na uwezo wa kupapasa. Kuhusu kuachwa nyuma, sipendekezi mlango ufungwe. Napendekeza ufunguliwe kwa mpangilio. Tume ya jarida la Lancet mwaka 2015 ililenga kila nchi iwe na wataalamu 20 wa upasuaji, usingizi na uzazi kwa kila watu 100,000. Nchi zetu ziko mbali sana na hapo. Wachache tulionao wakigawanywa kwenye kila mtindo mpya, hakuna atakayefikia wagonjwa 25. Chuo cha madaktari wa upasuaji cha ukanda huu, COSECSA, chenye makao Arusha, tayari kinawataka wanafunzi wake waandike kila upasuaji waliofanya. Ni hatua fupi kutoka hapo kuamua kwamba njia za mbali zianzie kwenye vituo vichache ambavyo tayari vina wagonjwa wengi wa tezi kwa njia ya wazi na matokeo yaliyoandikwa, chini ya msimamizi aliyeifanya kazi hiyo, na kwamba hospitali nyingine zipeleke wagonjwa huko.

Lipo na pingamizi la uhuru: mwili ni wake, fedha ni zake, achague. Sawa, achague akijua. Fomu ya ridhaa inayosema "nimeelezwa madhara" na kusainiwa usiku wa kuamkia upasuaji haimwelezi kwamba yeye ni mgonjwa wa saba wa daktari huyo kwa njia hiyo. Mgonjwa anastahili kuambiwa idadi ya mwaka uliopita, ya njia anayopewa na ya njia nyingine. Wangapi walibaki na sauti mbovu baada ya miezi sita. Wangapi bado wanameza kalsiamu. Ni nani atakuwa zamu usiku wa kwanza. Na kama fundo lenyewe linahitaji kuondolewa. Na pale fedha zinapotoka kwenye bima ya umma, uhuru wa mmoja una mpaka wake, kwa sababu mnara wa kamera unanunuliwa kwa fedha ambazo zingeweza kulipia kipimo cha kalsiamu cha kila mgonjwa wa wodi nzima. Hospitali zetu nyingi hazina hata desturi ya kutazama nyuzi za sauti kabla ya upasuaji na baada yake, kwa hiyo mgonjwa anayekwaruza hawezi kujulikana kama aliumizwa mezani au alikuja hivyo. Kazi hiyo huchukua dakika chache kwa kamera nyembamba ya puani au hata kioo cha kooni. Ianze hapo: kila shingo itazamwe mara mbili, kalsiamu ipimwe asubuhi ya kwanza, majibu yaingie kwenye daftari ambalo mgonjwa anayefuata anaweza kuonyeshwa, na ombi la kununua roboti lipokelewe na bodi ya hospitali likiwa limeambatanishwa na nakala ya kurasa za daftari hilo za miaka miwili.